Rabbi Jacob: kichekesho kilichoanza kuonyeshwa vita vikipamba moto

Oktoba 18, 1973, majumba ya sinema ya Ufaransa yalianza kuonyesha filamu ya vichekesho, Les Aventures de Rabbi Jacob. Israel na majirani zake Waarabu walikuwa vitani tangu Oktoba 6. Siku hiyohiyo filamu ilipoanza kuonyeshwa, Danielle Cravenne, mke wa mtu aliyeshughulikia matangazo ya filamu hiyo, aliteka ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Nice. Alikuwa na silaha, na miongoni mwa madai yake ni filamu isionyeshwe. Ndege ilitua Marseille, na huko polisi wakampiga risasi akafa.

Inasikitisha kwamba damu ilimwagika kwa ajili ya filamu yenye nia njema kiasi hiki. Mwongozaji wake, Gérard Oury, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na wakati wa utawala wa Manazi ilimbidi akimbie Ufaransa. Alitaka Wafaransa wajione walivyo, na akajua kwamba kwa hotuba wasingemsikiliza. Basi akampa kazi hiyo Louis de Funès.

De Funès anacheza Victor Pivert, tajiri wa kiwanda anayedharau kila asiye Mfaransa mweupe Mkatoliki. Yumo njiani kwenda harusini kwa binti yake anapogundua kwamba Salomon, dereva wake wa siku nyingi, ni Myahudi. Sabato inaingia, Salomon anakataa kufanya kazi, na Pivert anamfukuza palepale. Sasa hana dereva; akitafuta msaada kwa miguu, anaingia kiwanda cha chingamu ambako Slimane, mwanamapinduzi wa Kiarabu, ameshikiliwa na makachero wa nchi yake. Baada ya muda mfupi wote wanapiga mbizi ndani ya pipa kubwa la chingamu ya kijani. Tazama Pivert anavyotoka humo: kila hatua inamvuta nyuma, mikono imenata, uso umefura kwa hasira, na bado anataka kutoa amri kama bosi. Ubaguzi wake wote unaonekana mwilini mwake, hauhitaji maelezo.

Wapo wanaosema De Funès alizidisha. Ni kweli alizidisha, tena kwa hesabu kali. Kabla ya umaarufu alikuwa mpiga piano wa baa za Paris, kisha akapita miaka mingi kwenye nafasi ndogondogo za filamu. Jina lake lilipaa mwaka 1964, akiwa na miaka 50, kwa filamu ya askari wa Saint-Tropez. Mapigo ya piano yamo katika kila mkunjo wa uso wake. Hapa, akikaribia miaka 59, alijifunza ngoma ya Wayahudi wa Kihasidi kwa Ilan Zaoui, kwa sababu Pivert na Slimane wanajificha ndani ya mavazi ya marabi na kupokewa kwa shangwe na jamaa wanaomsubiri Rabi Jacob kutoka New York. Muziki ni wa Vladimir Cosma. Mbaguzi anaanza kucheza kwa woga wa kunaswa, na kidogo kidogo furaha inamteka. Sijaona sehemu nyingine ya filamu zake inayonigusa kama hii.

Baadaye Slimane Mwarabu na Salomon Myahudi wanapeana mikono. Vita vilikuwa bado vinaendelea watazamaji wa kwanza walipoliona tendo hilo, na tiketi zaidi ya milioni saba ziliuzwa Ufaransa.

Mwisho wa filamu unafungwa kwa haraka mno: mapinduzi yanafaulu, Slimane anakuwa rais, na binti wa Pivert anamwacha mchumba wake. Dosari hiyo naisamehe. La Grande Vadrouille ya 1966, ya Oury na De Funès pia, iliuza tiketi zaidi ya milioni 17, lakini kwangu kazi bora ya De Funès ni Rabbi Jacob.