Tiba ya aidini yenye mionzi na hukumu ya kumtenga mgonjwa

Alhamdulillah. Baadhi ya saratani za tezi ya shingo hutibiwa, baada ya upasuaji, kwa kumeza aidini-131, yaani aidini yenye mionzi. Tezi hiyo hufyonza aidini kuliko viungo vingine, hivyo mionzi huziua chembe za saratani zilizobaki bila kuugusa sana mwili wote. Nguvu yake hupungua nusu kila siku 8.

Kabla ya tiba, mgonjwa huepuka samaki wa baharini na chumvi ya madini joto kwa wiki moja au mbili. Mjamzito hapewi, na anayenyonyesha huachisha kwanza.

Baada yake hutengwa siku kadhaa, hasa na watoto na wajawazito, kwani mwili wake hutoa mionzi.

Je, kutomzuru ni kumtupa? Tunasema: hapana. Sheria inakataza kudhuru na kudhuriana. Jamaa wamjulie hali kwa simu na wamuombee dua. Naye ana udhuru wa kukosa jamaa msikitini, na Ijumaa atasali Adhuhuri alipo. Mionzi si najisi. Udhu wake ni sahihi. Akifungua Ramadhani kwa ugonjwa, atalipa akipona.

Wallahu aalam.