Kipumulio: Mahali Tangi Linapotolea Pumzi

Muuza mafuta ya taa anajua jambo ambalo nahodha wa boti ya mamilioni anaweza kulisahau. Akiibana faneli barabara kwenye shingo ya chupa, mafuta hugoma: husimama, hutokota kama uji, kisha humrukia mkononi. Basi huinyanyua faneli kidogo, hewa ikatoka, mafuta yakashuka. Hakusomea fizikia. Anajua tu kwamba chupa tupu imejaa hewa, na mgeni haingii mpaka mwenyeji apate pa kutokea.

Istilahi yetu ya leo ni jina la mahali hapo pa kutokea. Boti kubwa ya starehe inayotumia dizeli ina mabomba mawili yanayomhusu anayejaza mafuta. La kwanza ni bomba la kujazia, ambalo mdomo wake uko sitahani, chini ya kifuniko cha chuma. La pili ni jembamba. Huanzia juu ya tangi, hupanda, na kuishia kwenye kitundu ubavuni mwa boti. Kwa boti nyingi, la kujazia lina upana wa milimita 38 au 50, na hilo jembamba milimita 16 tu. Hilo jembamba tuliiteje?

Tungeweza kuliita venti, tukaliazima kama tulivyoazima pampu na tangi. Kosa si la kuazima. Shida ni kwamba asiyejua kazi yake hatajifunza lolote kutokana na jina. Tundu la hewa ni Kiswahili safi, ila linataja shimo na kuishia hapo, kana kwamba hewa imekaa tu pale. Kitoahewa kinakaribia, lakini kinasema nusu. Boti ikiwa safarini, injini hunywa mafuta na tangi huvuta hewa kutoka nje kujaza nafasi iliyobaki. Hewa isipoingia, mafuta hayaji na injini huzima. Kwa hiyo bomba hili huvuta pumzi polepole siku nzima baharini, kisha huishusha yote kwa dakika chache gatini.

Hiyo ni kazi ya kupumua. Kutokana na pumua tunapata pumulia, na kutokana na pumulia tunapata kipumulio, kwa njia ileile iliyotupa kipimio kutokana na pimia. Atakayedhani ni mashine ya hospitali hajapotea mbali: hapa pia kuna kifua kinachohitaji hewa ipite.

Uzito wa jina hili huonekana pale penye pampu ya kasi. Pampu ya magari madogo kwenye sheli hutoa lita 40 hivi kwa dakika. Katika bandari za boti za starehe kama Fort Lauderdale, jimboni Florida, ambako boti moja inaweza kuhitaji maelfu ya lita, hakuna mwenye subira ya kasi hiyo. Tuchukue pampu ya lita 120 kwa dakika. Kila sekunde zinaingia lita 2 za dizeli, na kila sekunde lazima lita 2 za hewa zitoke. Kwenye bomba la milimita 16, hewa hiyo hupita kwa kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana kipumulio hupiga mluzi.

Mluzi huo ni habari njema. Hatari huanza unapobadilika. Dizeli ikimiminwa kwa nguvu hutoa povu, na tangi likikaribia kujaa, povu hupanda kwenye kipumulio. Dizeli ina uzito wa mara 700 hivi ya hewa. Njia iliyokuwa ikipitisha hewa bila taabu sasa inasongwa na kimiminika, huku pampu ikiendelea kusukuma. Shinikizo la baa 0.2 linasikika dogo, lakini juu ya bamba la mita 1 ya mraba ni sawa na kurundika tani 2. Mafuta yatatafuta njia: yatafoka kutoka ubavuni, au yatarudi juu na kumwogesha anayejaza.

Wengi hutegemea pampu ijizime yenyewe, kama kwenye gari. Pampu hujizima pale kitundu kidogo kilicho kwenye ncha ya mdomo wake kinapozibwa na mafuta. Katika boti, bomba la kujazia huwa refu, hivyo dizeli inaweza kumwagika kupitia kipumulio kabla haijaifikia ncha hiyo. Na pampu ya lita 120 ikichelewa kufungwa kwa sekunde 10, ni lita 20.

Kwa hiyo mabaharia wazoefu hujaza kwa watu wawili. Mmoja hushika mpira wa mafuta, mwingine hukaa penye kipumulio akiwa na kitambaa cha kunyonya mafuta, sikio likiwa kwenye mluzi na kiganja kikihisi hewa. Kabla ya hapo injini na jenereta zimezimwa, milango na madirisha yamefungwa, sigara hakuna, na kila mmoja amehakikisha kwamba kifuniko kilichofunguliwa ni cha dizeli wala si cha maji ya kunywa. Mdomo wa pampu hugusishwa na chuma cha bomba la kujazia ili umeme tuli usije ukarusha cheche. Huanza polepole, huongeza kasi, na hupunguza tena mwishoni.

Hawajazi pomoni. Dizeli iliyotoka kwenye hifadhi ya ardhini ikiwa baridi hutanuka juani: lita 1,000 zikipanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi huongezeka kwa lita 8 hivi. Wakiishia asilimia 90 au 95, lita hizo hupata pa kukaa. Wakijaza hadi shingoni, tangi litazitema baharini kupitia kipumulio hichohicho, hata baada ya pampu kuondolewa.

Dizeli haiwaki upesi kama petroli. Ile ya Ulaya hutakiwa isitoe mvuke wa kutosha kushika moto chini ya nyuzi 55. Ila ikimwagika baharini hutandaa. Nchini Marekani, utando wa mafuta unaong'aa juu ya maji, hata ukiwa mwembamba, sheria inataka utolewe taarifa kwa serikali. Kumimina sabuni ili uzame ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Mkaguzi wa istilahi huuliza kama neno ni fupi, kama linanyambulika, kama linaeleweka. Kwa neno hili niongeze swali la nne: je, linamwambia baharia asimame wapi? Venti halimwambii. Tundu la hewa linamwonyesha shimo. Kipumulio kinamwambia kwamba tangi liko hai, linashusha pumzi, na pumzi hiyo ina kikomo. Wanaoandika miongozo ya boti na kufundisha mabaharia wetu walitumie neno hili. Nawe ukipewa mpira wa mafuta gatini, kabla hujaagiza pampu ifunguliwe, kitafute kwanza kipumulio, umweke mtu hapo.