Pablo Casals: Mpiga chelo aliyeweka upinde chini

Mwaka 1890, mvulana wa miaka 13 aliingia na baba yake katika duka la nota karibu na bandari ya Barcelona. Kwenye lundo la karatasi kuukuu akachomoa tungo sita za Johann Sebastian Bach kwa chelo peke yake, bila piano wala ala nyingine ya kuisindikiza. Enzi hizo wengi waliziona kuwa mazoezi ya wanafunzi tu. Pablo Casals alikaa nazo miaka ipatayo 12 ndipo akathubutu kupiga utungo mmoja mzima mbele ya hadhira.

Chelo, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ilifundishwa kwa ukali: mwanafunzi alibana kitabu kwapani ili mkono wa upinde usiende mbali na mwili. Casals aliuachia mkono huo. Kati ya 1936 na 1939 alirekodi tungo zote sita, na leo hakuna mpiga chelo makini asiyezipitia.

Hata hivyo, kwangu mimi ukubwa wake umo zaidi katika pale alipokataa kupiga. Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Casals aliacha kupiga Ujerumani. Julai 1936 alikuwa Barcelona na okestra yake, wakifanya mazoezi ya simfoni ya tisa ya Beethoven, habari ilipofika kwamba jeshi limeasi na mji uko hatarini. Akawauliza wanamuziki kama wangependa kuimaliza kabla ya kutawanyika. Wakaimaliza.

Jenerali Franco, kiongozi wa waasi hao, aliposhinda, Casals alihamia Prades, mji mdogo wa Ufaransa karibu na mpaka, akahangaika kuwatafutia msaada wakimbizi wenzake waliokuwa kambini. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945 alipiga chelo Uingereza akitumaini kwamba washindi wangemng'oa Franco pia. Walipomwacha Franco madarakani, Casals alifuta maonyesho yake na kuacha kupiga hadharani. Alikuwa anakaribia miaka 70. Msanii wa umri huo anaponyamaza, anatoa miaka ambayo hana hakika ya kuipata tena.

Mwaka 1950, Bach akitimiza miaka 200 tangu kufariki, wanamuziki wenzake walimfuata Prades, naye akakubali kupiga tena pamoja nao. Mwaka 1961 alikubali mwaliko wa Rais Kennedy, akapiga Ikulu ya Marekani, mahali alipowahi kupiga mbele ya Rais Theodore Roosevelt mwaka 1904. Marekani ilikuwa inaitambua serikali ya Franco, kwa hiyo si vigumu kusema kwamba aliupinda msimamo wake. Mimi simlaumu. Aliona kwa rais yule kijana tumaini la amani, na mkimbizi ana haki ya kulifuata tumaini lake mpaka mlangoni.

Alifariki Oktoba 22, 1973, akiwa na miaka 96, huko Puerto Rico, kisiwa alikozaliwa mama yake. Franco alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka 1979, Hispania ikiwa tayari na katiba mpya ya kidemokrasia, mabaki ya Casals yalirudishwa Katalonia, eneo la Hispania alikozaliwa.