Vya Kuhesabu na vya Kupima

Mtu akisema "nimekula kuku", hakuna atakayemuuliza kama alimmaliza peke yake. Akiivusha sentensi hiyo hadi Kiingereza akasema "I ate a chicken", amejipakulia kuku mzima, shingo hadi miguu. Aiondoe ile "a", ibaki "I ate chicken", na sasa kala nyama tu, paja au kidari. Herufi moja imemtenga mla nyama na mlafi.

Waingereza huviita vijineno hivyo, "a", "an" na "the", kwa jina "article", kutoka Kilatini "articulus", yaani kiungo kidogo, kama cha kidole. Kilatini chenyewe hakikuwa na hata kimoja. Dhana hiyo wanasarufi wake waliichukua kwa Wagiriki, waliosema "arthron", kiungo. Jina hilo lanipendeza, kwa kuwa kwetu kiungo ni goti na kiwiko, na viungo ni iliki na mdalasini wa pilau. Hapa nitaviita vibainishi, maana kazi yake ni kubainisha.

Istilahi inayonikera ni ya pili: "nomino zisizohesabika". Mwanafunzi hufundishwa kwamba nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haitembei peke yake; sharti ishikwe mkono na "a", "the" au neno kama "my". Isiyohesabika haitaki "a", na ikitajwa kwa ujumla hutembea bila kibainishi chochote. Sawa. Kisha anaambiwa kwamba "money" haihesabiki! Karani wa benki anayeshinda akihesabu noti atacheka. "Luggage" nayo haihesabiki, ilhali utingo ameshahesabu mizigo mitatu juu ya basi. "Furniture", "information" na "advice" zimo kwenye kapu hilohilo. Ndiyo maana "an advice" hututoka mdomoni kila siku. Si uzembe, ni kwamba kwetu mtu aweza kupewa shauri moja, au mawili.

Basi kuhesabika hakumo katika kitu, kumo katika jicho la lugha. Tazama maji. Vitabu vya shule vya Kenya huyaweka katika "nomino za wingi", na kweli hayana umoja: maji yamemwagika, maji yamejaa. Kiingereza huyatazama maji hayohayo na kuyaona kitu kimoja, "the water is cold". Nywele nazo: Kiingereza huzifunga zote fungu moja, "her hair is long", nasi twaona nyingi, kila unywele na nafsi yake. Lakini unywele mmoja ukionekana kwenye mchuzi, hata Mwingereza huuhesabu: "a hair!"

Lugha hizi mbili si wageni kwa kila kitu, hata hivyo. "An" ni mtoto wa "ān", neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya moja. Kwa hiyo ile kanuni ya "kuongeza n" mbele ya sauti ya irabu imegeuzwa kichwa chini: "n" ilikuwapo tangu mwanzo, ikadondoka mbele ya konsonanti. "The" nayo ilizaliwa na kionyeshi, ukoo mmoja na "that". Sasa msikilize bibi akisimulia hadithi: "Palikuwa na mzee mmoja." Hahesabu wazee, anatujulisha mgeni. Akimrudia atasema, "Yule mzee akaondoka." Mmoja, kisha yule: njia ileile iliyopitwa na "a" na "the". Na tukitaka kufupisha zaidi, kibainishi twakificha ndani ya kitenzi. "Nimesoma kitabu" chaweza kuwa chochote. "Nimekisoma kitabu" ni kile unachokijua.

Jina bora la nomino zile, basi, lipo dukani. Ukitaka mayai, muuzaji huuliza, "Mangapi?" Ukitaka sukari, husema, "Nikupimie kiasi gani?" Hakuna aliyemfundisha, lakini ameshatenganisha "how many" na "how much". Ningeziita nomino za kuhesabu na nomino za kupima. Hapo "money" huacha kuwa kichekesho: kinachohesabiwa ni shilingi, na shilingi ndiyo kipimo cha pesa kama kilo ilivyo kipimo cha mchele. Na "advice" huacha kuwa fumbo: Mwingereza ameutia ushauri kwenye mizani, ndiyo maana akitaka mmoja hukata kipande, "a piece of advice". Na kuku? Akiwa bandani huhesabiwa, akiwa buchani hupimwa. Kile kijineno "a" kinauliza tu umemkuta wapi.