Risasi ya Pindo: Kutetea Jina la Risasi ya Mwanagenzi

Kuna wafasiri, na yumkini kuna kamati nyuma yao, wanaoandika “risasi ya moto wa ukingoni” wanapokutana na ile risasi ndogo ambayo pini ya bunduki huigonga pembezoni mwa kitako chake badala ya katikati, na ambayo hutumiwa na bunduki nyingi wanazoanzia wanagenzi wa kulenga shabaha. Maneno hayo matano yana makosa mawili, na la kusikitisha zaidi ni kwamba makosa yenyewe yangeepukwa na mtu yeyote ambaye angelishika ganda moja lililokwisha kupigwa na kulitazama kitako kabla ya kufungua kamusi. Makala haya yanatetea istilahi “risasi ya pindo”, na pamoja nayo mwenzake “risasi ya mji”, kwa hoja kwamba jozi hiyo imo katika Kiswahili tangu zamani na ilikuwa ikingoja tu kuitwa kazini.

Mahali suala hili linapojitokeza wazi ni Marekani, katika mafunzo ya wikendi yanayojulikana kama Project Appleseed, ambayo huendeshwa na chama cha Revolutionary War Veterans Association na ambayo huchanganya masomo ya kulenga na simulizi za tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya uhuru wa nchi hiyo vilipoanza Lexington na Concord. Mwanagenzi hupiga akiwa amesimama, ameketi au amelala kifudifudi, kwa umbali wa yadi 25, yaani takriban mita 23, akilenga maumbo yaliyochapwa madogo kwenye karatasi ili yawakilishe masafa ya yadi 100 hadi 400, na akipata alama 210 kati ya 250 huhesabiwa kuwa amefuzu. Mwalimu humshauri aje na bunduki ya .22, na hapo ndipo mfasiri wa mwongozo wowote wa namna hiyo analazimika kueleza ni .22 ya aina gani, kwa maana zipo risasi nyingine zenye kipenyo kinachokaribiana na hicho ambazo nguvu zake ni za kivita.

Kosa la kwanza ni moto. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa, fire, hubeba moto wa kuni na vilevile tendo la kufyatua silaha, na mfasiri ameishia kwenye kuni. Katika Kiswahili bunduki hupigwa, hufyatuliwa, na ikiitikia husemwa imelia. Mtu akisema bunduki yake imewaka moto, msikilizaji humwuliza kwanza kama ameumia. Kosa la pili, ambalo watetezi wake hulikinga kwa ukali usioeleweka, ni ukingo. Neno hili ni la ukoo wa kitenzi kukinga, na kwa hiyo ukingo wa mto, ukingo wa daraja na ukingo wa kisima vyote ni mahali panapozuia kitu kisimwagike au mtu asitumbukie. Duara la kitako cha risasi hii halikingi chochote, kwa sababu kazi yake ni kupondwa.

Umbo lenyewe laeleza jina lake. Ganda la risasi, yaani kikopo cha shaba kinachobeba baruti nyuma na kichwa cha risasi mbele, katika aina hii hutengenezwa kwa bamba jembamba ambalo kitakoni hukunjwa kuelekea nje na kurudi ndani, hivi kwamba mkunjo huacha uwazi mdogo unaozunguka duara zima. Ndani ya uwazi huo hutiwa kemikali ya kuwashia ikiwa bado mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili kemikali isukumwe mpaka ijae mkunjoni, ikakauka humo kabla baruti haijamiminwa. Pini ikigonga popote kwenye duara, mkunjo hubonyea, kemikali husuguliwa kati ya kuta mbili za shaba na kulipuka, na baruti hushika. Sasa Kiswahili kinaita nini mwisho wa kitu chembamba uliokunjwa na kurudishwa juu yake wenyewe? Kila fundi cherehani kuanzia Lamu hadi Kilwa angejibu bila kuitisha kikao: ni pindo.

Pindo limetokana na kupinda, na kitenzi hicho kina uzao ambao wanaistilahi wangepaswa kuuonea fahari. Kutoka kwake tuna upindo wa nguo, tuna kupindua na mapinduzi, na tuna upinde, silaha iliyotangulia bunduki mikononi mwa watu wa pwani na bara kwa karne nyingi, hivi kwamba anayedai kuwa pindo ni neno la kike lisilostahili kuingizwa katika mambo ya silaha anasahau kwamba mzizi wake ulikuwa ukirusha mishale kabla ya baruti kufika. Msamiati wa bunduki wa Kiswahili umejengwa kwa njia mbili tu zilizofanikiwa. Njia ya kwanza ni kukopa kutoka kwa jirani: bunduki yenyewe ni ya Kiarabu na hupelekwa nyuma hadi kwenye jina la tunda la njugu mviringo, na risasi ni jina la Kiarabu la madini yaliyoyeyushwa kutengenezea vichwa vyake. Njia ya pili ni kutazama umbo na kuita kwa jina lililopo, kama ilivyokuwa kwa mzinga, neno linalotumika kwa gogo tupu la kufugia nyuki na kwa silaha kubwa ya kuta za ngome, au kwa kitako cha bunduki, ambacho hakikuhitaji mtaalamu wa ng’ambo kukitambua. “Moto wa ukingoni” haifuati njia yoyote kati ya hizo.

Faida ya pindo huonekana zaidi pale linapopewa mwenzake. Kanga, kama kila mvaaji ajuavyo, ina pindo linaloizunguka pande zote nne na ina mji, yaani uwanja wa katikati wenye picha au nakshi kuu. Aina ya pili ya risasi, ambayo hutumika katika bunduki za kivita na za kuwindia wanyama wakubwa, huwa na kikombe kidogo cha kemikali kilichopachikwa katikati kabisa ya kitako, na kitako chenyewe ni kinene na kigumu. Hiyo ndiyo risasi ya mji. Pingamizi kwamba msomaji atadhani ni risasi za kupigania Nairobi au Dar es Salaam halina uzito mkubwa, kwa kuwa muktadha hulinda maana, na lugha ambayo imeweza kuishi na kaa la moto na kaa wa bahari bila ajali haiwezi kushindwa na miji miwili. Waliopendekeza “risasi ya kitovu” wana hoja nzuri zaidi, na neno lao lingevumilika kama wasingeling’ang’ania pamoja na “ukingo”, wakaoanisha mwili wa binadamu na mto.

Ipo pia hoja ya fataki. Neno hilo ndilo lililotumika zamani kwa kidonge cha kulipulia gobori na lingefaa katika fasili, lakini kulitia ndani ya jina leo ni kutafuta matatizo: vijijini na mijini fataki ni baruti za sherehe, na Tanzania, tangu kampeni maarufu ya redioni, ni mzee anayewarubuni wasichana wa shule. Watohoaji nao, ambao hukata kila fundo kwa kuandika “rimfaya”, wamepata sauti na kumwachia msomaji kazi ya maana.

Maana yenyewe ndiyo inayoamua uchaguzi wa bunduki. Pindo lazima liwe jembamba ili pini iweze kulibonyeza, na shaba nyembamba haistahimili mgandamizo mkubwa wa gesi; ndiyo sababu .22 ya kawaida ina kikomo cha paundi 24,000 kwa inchi ya mraba wakati risasi ya mji ya .30-06 hufikia 60,000. Kichwa cha .22 hiyo cha gramu 2.6 kikitoka kwa mita 330 kwa sekunde hubeba jouli zipatazo 140, na kile cha .303 ya Waingereza, chenye gramu 11.3 na mwendo wa mita 744, hupita jouli 3,000. Tofauti hiyo humfikia mpigaji begani. Mwanagenzi aliyepigwa teke mara chache na bunduki kubwa hujifunza kufumba macho na kukaza bega kabla hajamaliza kuvuta triga, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kumtoka kuliko ilivyochukua kumwingia. Udhaifu wa pindo, basi, ndio wema wake, na jina linalotaja mkunjo humpa mwanafunzi ufunguo wa kuelewa yote haya, pamoja na sababu ya ganda lililotumika kutoweza kujazwa tena na sababu ya risasi hizi kukataa kulia mara nyingi kuliko za mji, kemikali inapokuwa haikuenea sawasawa mkunjoni. Historia nayo inashuhudia: Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alianza na virisasi vidogo vya ukumbini mnamo 1845, Smith & Wesson wakatoa .22 fupi mwaka 1857, na risasi kubwa za pindo kama .44 ya bunduki ya Henry ya 1860 zikaja na kupotea, kwa kuwa mkunjo haukuweza kukua pamoja na nguvu.

Kuhusu matumizi, inatosha kusema kwamba bunduki ya kufaa ni nyepesi, yenye kitako kinachoenea mkono wa mpigaji, ukanda wa kujifunga, tundu la nyuma la kulengea na magazini zaidi ya moja, na kwamba Ruger 10/22, iliyotoka mwaka 1964 na yenye magazini ya risasi 10, huonekana sana katika viwanja hivyo; na kwamba bunduki nyingi za zamani za pindo hazipaswi kufyatuliwa tupu, kwa kuwa pini isipokuta pindo hugonga mdomo wa chumba cha risasi na kuuharibu. Risasi isipolia, mtutu hubaki umeelekezwa shabahani kwa nusu dakika kabla chumba hakijafunguliwa.

Linabaki jina kamili la risasi yenyewe, .22 LR, risasi ambayo kampuni ya Stevens iliitoa mwaka 1887 kwa kuunganisha ganda la .22 ndefu ya awali na kichwa kizito zaidi. Herufi hizo, yaani Long Rifle, zimefasiriwa mahali fulani kuwa “bunduki ndefu ya .22”, na kwa tafsiri hiyo mwanagenzi aliyetumwa dukani kununua risasi atarudi akiulizia urefu wa mtutu. Herufi L na R ni jina la risasi, nazo zimechapwa juu ya kila boksi, kwa hiyo ziachwe zilivyo na kutanguliwa na maneno matatu: risasi za pindo, .22 LR.