Filimbi Moja, Mizani Mbili

Jumapili jioni, mchezo wa mpira ukiisha, sikilizeni maneno ya watu wanaorudi nyumbani, kama ni Lubumbashi, Bukavu au Kisangani. Wachache husifu mguu wa mchezaji. Wengi humsema mwamuzi: «Juzi kosa kama lile aliliacha, leo amelipigia filimbi! Na hiyo sheria mpya, ni nani aliyetuambia?» Twajua kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na mwenye kushindwa hupenda kusema ameonewa. Lakini si kila lalamiko ni la mshindwa. Basi leo tutazame historia ya sheria hizi: zilitoka wapi, kwa nini hazitulii, na kwa nini watu hawaridhiki nazo.

Sheria za kwanza za mpira huu ziliandikwa London mwaka 1863. Zilikuwa 13 tu, wala hazikutaja mwamuzi hata kidogo. Mabwana walioziandika walidhani kwamba watu wenye heshima wataamua mambo yao wenyewe. Baadaye kila ekipi ilileta msimamizi wake, na wasimamizi wawili wakishindwa kupatana, walimwuliza mtu wa tatu aliyekaa nje ya kiwanja. Kumbe heshima haikutosha, hasa fedha zilipoingia. Mwaka 1885 wakubwa wa mpira wa Uingereza walikubali wachezaji walipwe mshahara. Mtu anayetafuta mkate wake kwa mguu hataki kupoteza goli kwa ajili ya adabu tu.

Ndiyo sababu mwaka 1891 yule mtu wa tatu aliingizwa ndani ya kiwanja, akapewa mamlaka yote. Wale wasimamizi wawili wakawa washika bendera kando ya mstari. Mwaka uleule ikaja penalti. Aliyeitaka ni William McCrum, mlinda mlango wa Ireland, aliyechoka kuona walinzi wakimwangusha mshambuliaji karibu na goli, kisha adhabu yao ikawa ndogo kuliko faida yao. Mabwana wengine walikasirika, wakisema ni matusi kudhani kwamba mtu mwungwana anaweza kudanganya makusudi. Tangu siku ile twaona jambo moja: kila sheria mpya ni dawa ya kidonda fulani, na kila dawa ina mtu inayemchoma.

Je, ni nani anayetoa dawa hizo? Ni baraza dogo lililoanzishwa mwaka 1886 na vyama vinne vya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. FIFA, chama cha dunia nzima, kiliingia humo mwaka 1913. Hata leo baraza hilo lina kura 8: vyama vinne vya visiwa vile vina kura moja moja, na FIFA ina kura nne. Sheria haibadiliki bila kura 6. Kwa hiyo neno linaloamuliwa na watu wachache mezani huja kumshika kijana wa Goma au Kalemie kiwanjani kwake, naye hakusikia hata sababu yake.

Tusiseme kwamba mabadiliko yote yalikuwa mabaya. Zamani mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea kama hakuwa na wapinzani watatu mbele yake wakati alipopelekewa mpira. Walinzi wenye akili, kama Bill McCracken wa Newcastle, walijua kupanda mbele kidogo tu, na mchezo ukasimama kila dakika. Mwaka 1925 hesabu ikapunguzwa, wakawa wawili. Katika daraja la kwanza la Uingereza magoli yaliruka kutoka 1,192 katika msimu wa 1924-25 hadi 1,703 katika msimu uliofuata. Hapo dawa iliponya kweli.

Vilevile kadi. Mwaka 1966, Uingereza ilipocheza na Argentina katika Kombe la Dunia, mwamuzi Mjerumani Rudolf Kreitlein alimtoa Antonio Rattín, kapiteni wa Argentina. Hawakusikilizana lugha, na Rattín akakataa kutoka kwa dakika nyingi. Ken Aston, Mwingereza aliyewasimamia waamuzi, alikuwa akirudi nyumbani kwa motokari alipotazama taa za barabarani, akapata wazo: rangi ya manjano ni onyo, rangi nyekundu ni kutoka. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Lugha ya rangi kila mtu aliielewa.

Lakini kadi haiwezi kumpa mwamuzi macho. Jambo hilo sisi Wakongo tulijifunza kwa uchungu. Mwezi wa tatu mwaka 1974, nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, ilichukua Kombe la Afrika huko Misri. Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na hata leo hajapatikana mtu wa kumpita. Tarehe 18 mwezi wa sita mwaka uleule, huko Gelsenkirchen katika Ujerumani, Zaïre ilicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Katika kipindi cha kwanza wachezaji wetu walimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Colombia wakipinga goli, na mmoja akampiga teke kwa nyuma. Mwamuzi aligeuka, akamtoa Ndaye, mwenye namba 13. Naye hakuwa yeye. Aliyepiga teke ni Ilunga Mwepu, mwenye namba 2, na baadaye Mwepu mwenyewe alikiri.

Mchezo ule tulifungwa 9 kwa 0. Hatusemi kwamba tungeshinda Ndaye angebaki. Hiyo ingekuwa kujidanganya. Twasema tu kwamba mtu alichukua adhabu ya mwenzake mbele ya dunia nzima, na hapakuwa na njia ya kulisahihisha kosa palepale. Mwenye kosa alibaki kiwanjani, asiye na kosa akatoka. Ndaye alikufa mwaka 2019, na kadi ile ingali imeandikwa kwa jina lake.

Miaka ikapita, makosa ya namna hiyo yakaendelea, na televisheni ikayaonyesha kwa kila mtu isipokuwa mwamuzi. Mwaka 1986 Diego Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono. Mwaka 2010, huko Bloemfontein, mpira wa Frank Lampard wa Uingereza ulivuka mstari wa goli la Wajerumani waziwazi, lakini haukuhesabiwa. Lile baraza la sheria, lililokuwa limekataa mashine za mstari wa goli, likazikubali mwaka 2012. Kisha mwaka 2018 likaruhusu waamuzi wa video, na wakatumiwa katika Kombe la Dunia huko Urusi.

Watu walifurahi: sasa haki itaonekana! Kumbe mashine huonyesha picha tu. Kuamua bado ni kazi ya mtu. Tazameni sheria ya mkono. Mwaka 2019 iliandikwa kwamba hata mkono ulioguswa kwa bahati mbaya, wa mfungaji au wa mwenzake aliyemtengenezea nafasi, unafuta goli. Mwaka 2021 ikabadilishwa tena: wa mwenzake usiokusudiwa haufuti. Miaka miwili tu, na goli lililokuwa haramu limekuwa halali. Hata aliyeonyeshwa haki yake atauliza: na mwaka ujao je?

Tena, ahadi ni deni. Tarehe 31 mwezi wa tano mwaka 2019, huko Radès katika Tunisia, Espérance ya Tunis na Wydad ya Casablanca walikutana kumaliza mashindano ya klabu za Afrika. Wydad walifunga goli la kusawazisha, likakataliwa. Wakaomba picha itazamwe. Jibu: mashine ya video haifanyi kazi. Wydad wakakataa kuendelea. Baada ya kungoja muda mrefu mchezo ulikomeshwa, na kombe wakapewa Espérance. Wakubwa wa mpira wa Afrika wakaamuru mchezo urudiwe, mahakama ya michezo ikaifuta amri hiyo, na mwisho kombe likabaki Tunis. Kama mashine isingaliahidiwa, mchezo ungaliisha kwa manung'uniko ya kawaida.

Basi, neno letu ni hili. Watu hawachukii mwamuzi kwa sababu amekosa. Kila binadamu hukosa. Wanachukia mizani mbili kwa kosa moja, na wanachukia kufichwa sababu. Kwa hiyo sheria ibadilishwe polepole, baada ya kujaribiwa, wala isigeuzwe kila mwaka kama nguo. Na mwamuzi aseme sababu yake. Katika Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023 waamuzi waliwatangazia watu kiwanjani, kwa sauti yao wenyewe, uamuzi waliofikia baada ya kutazama picha. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyeelezwa hutukana kidogo.

Na sisi je? Katika viwanja vyetu hakuna mashine wala televisheni, kuna mtu mmoja na filimbi yake. Tumsaidie. Makapiteni wasome sheria kabla ya mchezo, wamsikilize pamoja akieleza namna atakavyohukumu. Mwenye kumwona mwenzake akipewa adhabu isiyo yake, aseme palepale: «Ni mimi.» Neno hilo fupi lingaliweza kumwokoa Ndaye, nalo halihitaji mashine.