Isikizya hadi ng'ambo: Ada siyo mzigo pekee wa mwanafunzi

KWA mkulima wa tumbaku wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, mwaka wa fedha hauanzi Januari wala Julai. Huanza pale masoko ya tumbaku yanapofunguliwa baada ya masika, chama cha msingi kikapokea malipo, mkopo wa pembejeo ukakatwa, na kinachobaki kikaingia mfukoni mwa mkulima. Kabla ya siku hiyo, nyumba nyingi huishi kwa akiba.

Kalenda hiyo haifanani na ya vyuo vikuu vya ng'ambo. Maombi ya ufadhili wa Serikali ya China, kwa mfano, hupokelewa zaidi kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, wakati tumbaku ingali shambani. Matokeo yake ni kwamba kijana mwenye sifa zote anaweza kuikosa nafasi kwa kukosa fedha za hati ya kusafiria, mtihani wa lugha na nauli ya kwenda Dar es Salaam, ingawa ada yenyewe ingelipwa na mfadhili.

Watu wa Unyanyembe waliifahamu tofauti hiyo zamani. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikitoka Tabora kwenda Bagamoyo, mpagazi wa Kinyamwezi alipatana juu ya mambo mawili tofauti: ujira wa safari na posho ya kila siku, ambayo mara nyingi ilikuwa kibaba cha nafaka au nguo za kubadilishana na chakula njiani. Ujira ulikuwa ahadi ya baadaye, lakini posho ndiyo iliyowafikisha watu safari yao. Neno hilohilo ndilo linalotumika leo kwa fedha za kujikimu za mwanafunzi, na swali lake halijabadilika: nani atalisha watu njiani?

Gharama zinazotangulia

Safari ya masomo huanza na karatasi. Hati ya kusafiria ya kawaida ya Tanzania, ambayo ni ya kielektroniki tangu Januari 2018, hugharimu Sh150,000. Mwombaji hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na majina yaliyomo yanapaswa kulingana na yale ya vyeti vya Baraza la Mitihani la Tanzania. Herufi moja ikitofautiana huweza kumgharimu mwombaji kiapo, safari za ofisini na wiki kadhaa za kusubiri.

Baada ya hapo huja mtihani wa lugha pale chuo kinapoudai. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hugharimu zaidi ya dola 200 za Marekani, na matokeo yake hutambuliwa kwa miaka 2 tu. Yapo pia malipo ya uchunguzi wa afya, tafsiri ya vyeti, maombi ya chuo na viza. Kwa kuwa balozi nyingi zipo Dar es Salaam, mwombaji wa Isikizya huongeza nauli ya kwenda na kurudi pamoja na malazi, na huenda akaifanya safari hiyo zaidi ya mara moja.

Kwa anayekwenda kusoma shahada ya kwanza, kipo pia cheti cha kutokuwa na pingamizi kinachotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), chombo kilichoanzishwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Cheti hicho humlinda mwanafunzi asiende kulipa fedha nyingi katika chuo ambacho shahada yake haitatambuliwa atakaporudi. TCU pia husajili mawakala wanaopeleka wanafunzi nje. Ni busara kwa mzazi kuhakikisha kuwa wakala anayedai fedha yumo katika orodha hiyo kabla ya kumpa hata shilingi moja.

Fedha zinazoonyeshwa

Nchi kadhaa hudai mwanafunzi anayejilipia athibitishe kuwa anazo fedha za kuishi kabla ya kupewa viza. Mzazi wengi huishia hapa, kwa sababu fedha hizo ni nje ya ada.

Ujerumani ni mfano mzuri. Vyuo vingi vya umma nchini humo havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya Euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Hata hivyo, tangu Septemba 2024 mwombaji wa viza alitakiwa kuonyesha Euro 11,904 kwa mwaka. Kwa kawaida fedha hizo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo mwanafunzi akishafika huruhusiwa kuchukua Euro 992 tu kila mwezi. Masomo ni ya bure, lakini mlango wake una bei.

Uingereza, kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, ilitaka mwanafunzi aonyeshe Pauni 1,171 kwa kila mwezi nje ya London na Pauni 1,529 ndani ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Fedha hizo zinapaswa kukaa benki kwa siku 28 mfululizo. Aidha, mwanafunzi hutozwa mchango wa huduma za afya, ambao tangu Februari 2024 umekuwa Pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo. Kwa upande wa Canada, kiwango kilipanda hadi dola 22,895 za nchi hiyo kuanzia Septemba 2025, bila kuhesabu ada wala nauli.

Kuhusu Marekani, tangazo la Rais wa nchi hiyo la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi, na utoaji wa viza mpya za wanafunzi ukaguswa kuanzia Januari 1, 2026. Yeyote mwenye barua ya udahili ya chuo cha huko anapaswa kuuliza ubalozini kwanza, kabla ya kulipa ada yoyote.

Ufadhili na mapengo yake

Ufadhili wa masomo nje si jambo geni mkoani Tabora. Mwaka 1949, mwalimu kijana wa Shule ya Mtakatifu Maria mjini Tabora, Julius Nyerere, aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Ni jambo la kuzingatia kwamba alipoondoka alikuwa tayari amehitimu Makerere na amefundisha kwa miaka mitatu. Ufadhili mwingi wa leo nao huwatafuta watu wa aina hiyo, waliokwisha kusoma nyumbani na kufanya kazi.

Chevening ya Uingereza hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na humtaka arudi nyumbani kwa miaka 2. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, hulipia ada, nauli ya ndege na posho, na unaweza kuongeza fedha za nguo za baridi. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya imekuwa ikitoa Euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na katika kiasi hicho mwanafunzi hujilipia nauli, viza na malazi. Shirika la Ujerumani la DAAD limekuwa likifadhili masomo ya uzamili na uzamivu nchini humo, na pia katika baadhi ya vyuo vya Afrika Mashariki.

Kwa waliomaliza kidato cha sita, milango iliyo wazi zaidi ni ya ufadhili wa serikali kwa serikali, kama wa China, Urusi na Algeria, ambao hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu. Ufadhili kamili wa China hulipia ada, malazi na bima ya afya, na hutoa posho ya Yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Kwa kawaida hauhusishi nauli ya ndege. Nafasi za Urusi huondoa ada, lakini posho yake ni ndogo sana, na nauli, bima na chakula hubaki kwa familia.

Kwa hiyo neno "kamili" katika tangazo la ufadhili lisipokewe bila kuuliza. Maswali ni manne. Je, nauli imo? Je, posho huanza kulipwa mwezi wa kwanza au baada ya usajili kukamilika? Je, bima imo? Na je, mwanafunzi akirudia mwaka, nani atalipa?

Swali la pili lina uzito wa pekee, kwa kuwa posho ya kwanza mara nyingi husubiri usajili na kufunguliwa kwa akaunti ya benki. David Livingstone, ambaye tembe lake lipo Kwihara nje ya mji wa Tabora, alisubiri hapo takriban miezi mitano mwaka 1872 mpaka watu waliotumwa kutoka pwani walipowasili. Mwanafunzi aliye peke yake ugenini hana tembe la kusubiria. Anahitaji fedha za chakula na pango za miezi 2 ya mwanzo, mkononi mwake.

Mikopo na kazi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, huwahudumia zaidi wanafunzi wa vyuo vya ndani. Anayekwenda nje asiiweke katika bajeti yake kabla ya kusoma mwongozo wa mwaka husika. Vilevile, aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo huo asidhani kuwa kuvuka mpaka kunafuta deni, kwani mnufaika hubaki na wajibu wa kulipa hata akiwa anafanya kazi ng'ambo.

Wengi hutumaini kwamba kazi za muda zitaziba pengo. Sheria za nchi hutofautiana. Uingereza huruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wanaosoma shahada. Canada iliongeza kiwango hicho hadi saa 24 Novemba 2024, na Ujerumani tangu Machi 2024 imeruhusu siku 140 nzima kwa mwaka. China haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi bila kibali, na India haiachii viza ya mwanafunzi itumike kwa ajira. Mshahara wa saa chache hununua chakula, lakini ni nadra kulipa ada. Anayeondoka kwa kutegemea kazi hiyo kulipia masomo huishia kuzidisha saa, na kuzidisha saa kunaweza kumpotezea viza.

Jambo jingine ni thamani ya shilingi. Ada ya dola 5,000 huongezeka kwa Sh500,000 kila dola inapopanda kwa Sh100. Mkulima wa tumbaku analo tumaini dogo hapa, kwa kuwa bei ya zao hilo hupangwa kwa dola, lakini kinachosalia baada ya makato ya pembejeo hubadilishwa kuwa shilingi siku ya malipo, si siku ya ada.

Misimu miwili

Familia inayopata fedha mara moja kwa mwaka inahitaji kuitazama safari hii kwa misimu miwili ya mavuno. Msimu wa kwanza ulipie karatasi: cheti cha kuzaliwa, hati ya kusafiria na mtihani wa lugha, ili kufikia Novemba mwombaji awe tayari. Maombi yafanyike kati ya Novemba na Machi. Masoko yanapofunguliwa tena, fedha za msimu wa pili zilipie viza, nauli na chakula cha mwanzo, maana vyuo vingi hufunguliwa Septemba au Oktoba.

Mpango huo unalingana pia na kalenda ya shule. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, wakati dirisha la ufadhili mwingi limekwisha kufungwa. Kijana anayesubiri mwaka mmoja kwa mpango hajachelewa. Anayeuza ng'ombe kwa bei ya kutupa mwezi Agosti ili kuwahi ndege anaweza kujikuta amefika chuoni bila posho.

Kwa asiye na misimu miwili, si lazima ndege iwe mwanzo wa safari. Kenya na Uganda hazidai viza kwa Mtanzania na hufikika kwa basi, na tangu mwaka 2023 taasisi ya India ya IIT Madras imekuwa na kampasi Zanzibar. Shahada ya kwanza ikipatikana karibu, milango ya uzamili ng'ambo ndiyo yenye posho nzuri zaidi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika njia ya Unyanyembe kibaba kilikuwa posho ya siku moja, na mzazi wa Isikizya anayemwandaa mwanawe hana budi kukihesabu kabla ya kuhesabu ada.